Asilimia Zinazotosha

4 Februari

Kwako wifi yangu,

Habari za huko, na mguu wa mama unaendeleaje? Sisi hatujambo. Kaka yako kikohozi kimemwacha, kukoroma bado.

Nina shida. Naandaa faili la kuthibitishwa kazini na kupanda cheo. Wasipoliridhia, mkataba wangu unaishia Julai na ofisi naikabidhi. Nimekusanya tathmini za wanafunzi, ratiba za vipindi, barua za wahadhiri wa nje. Hata meza haionekani. Kilichobaki ni makala yetu ya visima. Kamati inataka kila makala ya watu wawili iambatane na maelezo ya mwandishi mwenza, nani alifanya kiasi gani. Najua tulisema nusu kwa nusu, ila anayehesabiwa mwandishi kinara ni wa asilimia sitini. Nisaidie, wifi.

Wifi yako

19 Februari

Wifi,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mama anajikongoja hadi uani, na mdomo umepona kabla ya mguu. Leo amemgombeza daktari kwa viatu vichafu.

Karatasi hii hapa. Nimesaini, asilimia nimeacha wazi, maana wewe ndiye unayeijua kamati yenu. Chukua zinazotosha, usizidishe. Nilizunguka visima vile na kreti la chupa za sampuli za maji mwaka mzima, jua langu mvua yangu, wewe ukiandika. Mama akisimama sawasawa nataka kurudi kufundisha, na makala hiyo ndiyo pekee niliyo nayo.

Kaka mwambie alale ubavu.

Wifi yako

27 Juni

Wifi mpenzi,

Hujambo, na mama hajambo? Mpe shikamoo yangu.

Wamepitisha. Nimethibitishwa, na sasa ni mhadhiri mwandamizi. Nimehamishiwa ofisi yenye dirisha, nikikaa naona geti lote. Karatasi yako ndiyo iliyonivusha. Mwenyekiti aliisoma akasema kumbe makala ile ni yangu hasa. Sijui nikushukuruje. Kwenye kifurushi mna shali mbili, moja ya mama, asikunyang'anye na ya kwako.

Wifi yako

12 Novemba

Wifi,

Natumaini hujambo, na kaka pia. Mama sasa anatembea bila fimbo.

Niliomba ile nafasi ya mhadhiri msaidizi hapo chuoni kwenu. Sikukwambia, nilitaka siku moja unikute tu ofisini kwako na kikombe changu cha chai. Sharti ni makala moja ambayo mwombaji ana asilimia arobaini. Nikawaambia ninayo. Mwenyekiti akafungua faili lako akanionyesha: themanini zako, ishirini zangu, na saini yangu chini. Ningebishana vipi na mkono wangu mwenyewe?

Imeniuma, siwezi kukuficha. Sitini zilikutosha. Lakini sikuandikii ili tugombane. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi huu. Mwandikie mwenyekiti kwamba ulikosea kujaza, iwe sitini kwa arobaini. Cheo chako kitabaki palepale, na mimi nitapata kazi.

Wifi yako

9 Desemba

Mpendwa wifi,

Habari za siku nyingi? Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima wa afya. Mama anaendeleaje? Anakula vizuri? Usingizi anapata? Na wewe mgongo, bado unakusumbua? Usiubeze mgongo, ufanyie mazoezi. Huku hatujambo kabisa. Kaka yako siku hizi analala ubavu na nyumba imetulia. Mvua zimeanza, ila si za kutisha.

Mitihani imenibana, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Stoo ya idara inasafishwa. Wamekuta kreti la chupa lenye jina lako, wanauliza kama utapita kulichukua au walitupe.

Msalimie sana mama.

Wifi yako