Nilinyamaza Mbele ya Mama Philomène

Kambi ya wakimbizi, Elisabethville

Yaya Thérèse, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Kabalo. Baba anaendeleaje na mguu wake? Treni zimeanza kupita, au reli ingali imekatwa? Mimi mwili ni mzima. Hema letu ni la magunia na moshi unatuumiza macho, lakini unga tunapata, na watoto wanapata maziwa. Wanaoleta ni wazungu wa msaada. Wamenichukua niwe mkalimani wao, kwa sababu ya Kifaransa kile cha shule ya mapadri.

Yaya, nilikudanganya. Nilikuandikia kwamba siku vijana wenye mapanga walipoingia mtaani kwetu Kamalondo kututafuta sisi Baluba, niliruka ukuta nikawashinda mbio. Sikukimbia popote. Jirani yangu Mama Philomène, mjane, mshonaji, mtu wa kabila la huku kusini, alinivuta mkono akanificha siku tatu nyuma ya marobota ya vitambaa vyake. Vijana walipogonga akawajibu, "Hapa niko mimi na mashini yangu tu." Siku ya nne akanivika gauni lake na kitambaa cha kichwa, akanisindikiza mpaka karibu na kambi.

Ningewaambiaje wanaume wenzangu kwamba nilifika nimevaa gauni? Nikalivua kichakani, nikaingia na hadithi ya ukuta. Waliipenda, wakanifanya mkubwa wa mahema ya upande wetu.

Sasa, vijana wa kambi na vijana wa Kamalondo walikuwa wakipigana mawe njiani kila siku. Bwana Lars, mkubwa wa wazungu wetu, akasema tuanze na wanawake: wafungue soko dogo katikati, wauziane mboga na nguo. Kijana atasita kurusha jiwe mahali mama yake amekaa anauza. Akawaita kwenye mkutano, wa kambi upande huu, wa Kamalondo upande ule. Mama Philomène alikuwamo. Aliponiona akatabasamu.

Mama Julienne, wa kambini, ambaye nyumba yake ilichomwa, akasimama. "Ninyi bote muliangalia tu! Hakuna hata mumoja alitusaidia."

"Mimi nilificha muntu wenu," Mama Philomène akasema. "Siku tatu."

"Jina lake nani? Iko wapi?"

Nikamtafsiria Bwana Lars. Uso wake ukang'aa. Akaniambia, "Muulize yuko wapi. Huyo akisema, mambo yatageuka leo hii." Na mimi, Yaya, kwa mdomo wangu huu, nikamgeukia: "Mama, Bwana anauliza, huyo mtu yuko wapi?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikainamia daftari langu.

"Kama yeye mwenyewe hataki kusema," akajibu, "mimi siwezi kumutaja."

Hilo nalo nikalitafsiri.

Wakapiga kelele, "Muongo! Muongo!" Mmoja akatema mate karibu na miguu yake. Akainuka, akaondoka, na wenzake wote wa Kamalondo wakamfuata. Jioni hiyo mawe yalizidi kuliko siku zote, na moja likampasua Mama Julienne paji la uso. Mimi ndiye niliyempeleka kwa muuguzi, nimeshika kitambaa penye kidonda, damu inanitiririkia mkononi. Hapo nikashindwa kuendelea kuficha.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Aliyefichwa. Nilivaa hata gauni lake."

Akausukuma mkono wangu. "Na ukaacha nimutukane?"

Kabla ya usiku kambi nzima ilijua. Wameniondoa ukubwa, na vijana wananiita Mama Gauni. Bwana Lars hakunifukuza kazi. Alisema tu, "Kesho utatupeleka kwake." Ingekuwa afadhali angenifukuza.

Tukaenda watatu, Mama Julienne na bandeji kichwani. Mlangoni Mama Julienne hakungoja Bwana Lars aseme neno, akapiga magoti. Mama Philomène akamwinua, wakalia pamoja, mimi nimesimama nje kama mtu aliyeleta barua. Baadaye wakakubaliana juu ya soko. Bwana Lars akaniambia nimuulize kama ametusamehe.

"Ambia muzungu wako," Mama Philomène akasema, "bale balinitukana nimebasamehe. Habakujua." Kisha akaniangalia mimi. "Wewe ulijua. Wewe, bado."

Bwana Lars alikuwa akingoja. Nikamtafsiria yote, mpaka hilo neno la mwisho.

Soko limefunguliwa, na wiki hii hakuna aliyerusha jiwe. Kila asubuhi nampitia Mama Philomène namsalimu. Anaitikia kwa kichwa, anaendelea kushona.

Nisalimie Baba, na shemeji mume wako, na mama yetu mdogo anayemtunza Baba. Nasikia ile hadithi ya ukuta waliipenda sana. Wasomee na hii, Yaya, usiruke mahali.

Mimi mdogo wako,
Gaspard