Trauti Wasivuke Maporomoko

Mdogo wangu Ambakisye,

Mie kaka yako nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, meno yameisha, na daktari aliyesema sifiki Krismasi nimemzika naye. Kwa hiyo nikisema jambo, sikiliza. Marahaba, najua umeniamkia. Mgongo umetulia? Huku Boko kwa binti yangu Tupo nipo mzima, ila joto la huku linaniivisha kama ndizi.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe maana kwenye simu unanikatiza. Juzi umesema, "Kaka, huyu samaki trauti ni mwenyeji, tumezaliwa tumemkuta." Ati mtapandisha vifaranga vyake juu ya maporomoko ya mto wetu, wageni wapate pa kuvulia.

Jana nikamwuliza Sele, muuza samaki wa hapa mtaani, kama anamjua trauti.

"Ndo nani huyo, babu? Mchezaji?"

"Samaki wa kwetu Rungwe, ana madoa ubavuni. Nilikuwaga namshika kwa mkono! Nampapasa tumbo taratibu mpaka analegea. Wazungu na fimbo zao za ndoano wanaondoka mikono mitupu."

"Babu wee! Unambembeleza samaki? Sasa huyo wa kwenu, hapo kwenu kaanza lini?"

Kosa lako lilelile limenitoka mdomoni: wa kwetu.

Si wa kwetu, Ambakisye. Baba ndiye aliyewabeba vifaranga wa kwanza, kwenye debe kichwani, akilitikisa njia nzima wapate pumzi wasife. Mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi akamwambia apande mpaka juu. Baba akatua debe chini ya maporomoko, akasema, "Huko juu kuna chakula cha wazazi waliojifungua." Akagoma. Ukaidi wangu nimeurithi kwake, siuonei haya.

Unavijua vile visamaki vyeusi vya chini ya mawe, mchuzi wake anapewa mwanamke akishajifungua. Mama alipokuzaa wewe alikunywa huo, na mie ndiye niliyevitafuta, hakuna aliyenishinda kuviona. Zamani vilikuwepo chini pia. Leo inua jiwe lolote huko chini, utakuta jiwe. Trauti kavimaliza. Juu ndiko vilikobaki.

Simchukii trauti, ni mtamu kuliko samaki wote wa Sele. Abaki chini.

Nakuja. Tupo analia, "Baba, na hilo goti?" Nimemwambia goti halipandi basi peke yake, naenda nalo. Nitakaa katikati ya njia ya maporomoko, na mwenye debe la vifaranga anipite juu ya kichwa. Hata ukiwa wewe.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo. Msalimie na mke wa mwanao mwenye mimba, mwambie akijifungua mchuzi wake nautafuta mie, asiwe na wasiwasi.

Ukidhani natunga, nenda kwa shangazi yetu Subilaga. Siku ile alikuwa binti mdogo, nyuma ya baba na debe la pili, na yeye alilitua palepale.

Kaka yako,
Asajile