Mwende Alisema Anataka Kuwa Kama Mimi

Jumamosi. Baridi ya Julai imekaa hapa mtaani Satellite kama mgeni asiyejua kuaga, na nguo nilizoanika jana bado zinadondosha maji. Nimejifungia ndani, leso begani, chai ya pili imepoa mbele yangu. Mtu akiniuliza nitasema ni baridi.

Si baridi. Ni aibu.

Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni hodari.

Jana ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu, huku Riruta. Mimi ndiye mwalimu wa darasa wa Gredi ya Tisa. Watoto hawa karibuni watachagua mikondo ya kufuata sekondari ya juu, kwa hivyo tuna mtindo wa kuwasimamisha mmoja mmoja mbele ya wazazi, kila mtoto ataje anachotaka kuwa. Mtoto anasema "rubani", makofi yanalia, mamake anajifuta jasho ambalo halipo. Jana tulipata madaktari wa kujaza hospitali nzima, na marubani wengi hadi nikaanza kuwahurumia abiria.

Ikafika zamu ya Mwende.

Mwende ndiye kichwa cha darasa langu. Hesabu anazitafuna kama njugu. Mamake huuza matumbo karibu na machinjioni pale Dagoretti, na jana alikuwa amefunga kibanda mapema ili asikose. Mwende alisimama, hakuwatazama wazazi, alinitazama mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Nataka kuwa mwalimu, kama Madam Ayuma."

Madam Ayuma ni mimi.

Nikacheka.

Wala si kile kicheko cha mtu aliyesifiwa akaona haya. Nilicheka kwa sauti, kisha nikamwambia, "Mwende, na hizo akili zote? Ualimu tuachie sisi tulioshindwa. Wewe ni daktari." Wazazi wakaangua kicheko, na makofi yakazidi ya rubani yeyote. Mwende akaketi. Alicheka kidogo pia, vile mtu hucheka akijikwaa barabarani na watu wamemwona.

Mamake hakucheka. Baadaye, wazazi wenzake wakinywa soda, alinisogelea. "Madam, huyu akitoka shule anapanga wadogo wake kwa sofa anawafundisha, hadi wanalia wanataka break. Na ile sauti ni yako kabisa. Mimi nilidhani utafurahi."

Nikabwabwaja kuhusu mishahara na walimu wanaosubiri kuajiriwa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichosema. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima. "Sawa, Madam," akasema, akachukua mkoba wake.

Jioni nilishuka mjini kukutana na wenzangu wa chuo, kwenye mkahawa mmoja karibu na Moi Avenue. Mmoja yuko benki, mwingine bima, mwingine hata hatujui ni nini ila gari analo. Kulikuwa na dada mgeni mezani, akaniuliza, "Na wewe uko wapi?" Nikajibu ninavyojibu siku zote, "Niko mambo ya elimu." Mambo ya elimu! Mtu angedhani nina ofisi yenye zulia. Maneno hayo yalipotoka ndipo nilipojua kicheko cha mchana kilitoka wapi. Sikuwa nikimcheka Mwende. Nilikuwa nikijicheka mimi, ila nilimtandika mtoto wa watu nacho.

Sikumaliza chakula.

Leo asubuhi nikampigia simu Madam Nduku. Ndiye aliyenifundisha nikiwa darasa la saba Kawangware, sasa amestaafu, amerudi kwao Machakos, anafuga kuku. Siku niliyomwambia nataka kuwa mwalimu hakunisifu wala hakunionya. Alinipa chaki nieleze hesabu iliyokuwa ubaoni. Kisha akaenda kukaa kwenye dawati langu, magoti yakigonga mbao, akainua mkono, "Mwalimu, mimi sijaelewa. Rudia." Nikarudia. Akainua mkono tena, na tena, hadi nikaeleza hata mimi mwenyewe nikaelewa. Nilitoka darasani siku hiyo nikiwa mwalimu. Chuo kilikuja tu kunipa karatasi.

Nilitaka kumweleza ya jana. Sikupata nafasi, au niseme ukweli, sikuitafuta. Aliposikia sauti yangu tu alifurahi, akamwita jirani yake, "Kuja usalimie! Huyu ndiye mtoto wangu nilikuambia, ni mwalimu Nairobi." Alisema neno "mwalimu" kama wengine wanavyosema "balozi". Nikamsalimia huyo jirani nikiwa nimeufunika uso kwa kiganja, na hakuna aliyekuwa akiniona.

Mchana huu nimeandika kwenye kundi la wazazi. Nilimcheka mtoto mbele ya watu, basi siwezi kumwomba radhi kichochoroni. Nimefuta na kuandika upya hadi vidole vikaniuma. Mwishowe nikatuma: jana nilikosea, Mwende alitaja kazi ninayopaswa kuiheshimu kuliko yeyote kati yetu, na ninamwomba msamaha yeye na mamake.

Mzazi mmoja akatuma mikono ya sala. Mwingine, bila shaka hakusoma, akauliza kama Jumatatu kuna masomo ya ziada.

Kisha mama Mwende akajibu, si kwenye kundi, kwangu peke yangu: "Asante Madam, usijali. Mwende ashabadilisha. Anasema ni daktari. Anasema Madam ndiye anajua."

Nimeusoma ujumbe huo mpaka macho yakalowa. Kwa miaka yote nimelalamika kwamba hakuna anayesikiliza mwalimu, si serikali, si wazazi, si hawa watoto wenyewe. Kumbe yuko mmoja aliyekuwa akinisikiliza neno kwa neno, na siku niliyosema upuuzi ndiyo siku alipotii haraka zaidi.

Na akiwa daktari, si atakuwa daktari mzuri? Atakuwa. Hilo ndilo linalonikera, kwamba huenda hakuna atakayewahi kujua nilichomnyang'anya.

Jumatatu somo la kwanza ni langu. Nitamwita Mwende mbele nimpe chaki, kisha niende kukaa kwenye dawati lake, nibanane hapo na magoti yangu, niinue mkono.

Sijui kama ataipokea hiyo chaki.