Kanga ya Zambarau

Nakiete mwanangu,

Hukuwahi kufika kwetu Kihurio ukiwa hai, basi nianze na habari za huku. Mpunga umeshapandikizwa. Baba yako anarudi shambani, ananawa matope, anaingia kulala. Bibi yako wa Myamba hapigi tena simu kuuliza kama nimekula. Maziwa ndiyo yaliyochelewa kujua kwamba umeondoka. Yalinitoka mpaka nikajifunga kitambaa kifuani, nikayachukia, na yalipokauka nikalia kuliko siku ya mazishi.

Jana nilikwenda gulioni kununua chumvi, nikakutana na Mama Rehema. Yeye ndiye tuliyemkuta kitanda cha jirani siku ulipolazwa wodi ya watoto njiti, ukiwa mdogo wa kubebwa kiganjani. Mwanawe alikuwa ameongezeka uzito, wameruhusiwa, naye mama anafungasha vitu. Akavua kanga yake ya zambarau, akakufunga kifuani kwangu kwa mikono yake, ngozi yako kwenye ngozi yangu. Akasema, "Hii haiendi nyumbani, dada. Niliachiwa, na wewe utamwachia mwingine. Waliofungwa humu wote wametoka wazima."

Ndivyo walivyofanya akina mama wa wodi ile. Kanga inasuuzwa, inaanikwa dirishani, inahamia kifua kingine. Niliipokea kwa mikono miwili. Nani angekataa?

Ulikuwa na joto zuri humo ndani. Nikikudondoshea maziwa kwa kikombe ulikunja uso kama babu yako akipewa chai isiyo na sukari, nami nacheka peke yangu. Ulishika kidole changu ukakiganda. Mpaka leo nakitazama.

Kisha homa. Kisha ukaacha kumeza. Daktari alibadilisha sindano, akabadilisha tena, na majibu ya maabara yalipokuja akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama Nakiete, hawa bakteria wamezizoea dawa zote tulizonazo." Watoto wengine mle wodini walikuwa nao pia. Nilimuuliza wametoka wapi. Akasema labda kwenye sinki, labda mipira ya kulishia, labda mikono yetu, labda nguo tunazoazimana. Hakuna wa kujua kwa hakika. Mimi nilisikia nguo tu. Jioni hiyo ukanifia kifuani, mwanangu, nami nikaendelea kukupapasa mgongo.

Jana Mama Rehema alikuwa amembeba Rehema mgongoni, mashavu yamejaa. Akaniuliza, "Wako umemwacha na bibi?" Nikamwambia umefariki. Akanishika mkono, akalia kweli kweli. Halafu, akijifuta machozi, akauliza taratibu kanga nilimwachia nani. Nikamuaga haraka, nikaondoka. Yule mtoto ananichekea, nitaanzia wapi? Nikasahau na chumvi yenyewe.

Simwekei kinyongo, Nakiete. Alinipa kitu alichokipenda. Ila namwonea wivu, nao unanichoma.

Nesi mkuu alinipigia simu wiki hii. Sinki limebadilishwa, na kila mama anaambiwa aje na kanga zake. Lakini akina mama wameshaanza kuachiana nyingine, ya kijani, wanaificha chini ya godoro. Nesi akikataza wanaitikia, akitoka wanaifunga. Wanamwamini mama aliyetoka na mtoto mikononi. Nesi akaniomba niende mimi niliyetoka mikono mitupu, wanisikilize. Nilimwambia siwezi kuingia tena chumba kile.

Nitaingia. Nakuahidi wewe, kwa sababu sina mwingine wa kumwahidi jambo hili. Nitawaambia jina lako, na ulivyokunja uso. Na kabla ya hapo nitapita kwa Mama Rehema, nimwambie mwenyewe alichosema daktari kuhusu nguo, asije akasikia kwa watu.

Nitamjibu na swali lake. Sikumwachia mtu. Bibi alileta sanda nyeupe, nami nikawazuia wasikufungue kanga, wakakuvisha sanda juu yake, wakadhani ni uchungu wa mzazi. Ulikuwa uchungu. Lakini pia kitanda chako kilikuwa kimeshapata mtoto mwingine, na mama yake alikuwa akiitazama kanga.

Lala nayo, mwanangu. Imeishia kwako.

Mama yako