Usizikate Karatasi za Sanduku la Baba

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Pokea salaamu zangu kwa mikono miwili. Mimi mdogo wako huku Ubelgiji ni mzima, baridi tu inanila masikio. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Na mjukuu wako, kitovu kimeshaanguka? Mungu awakuze wote, yeye na mama yake.

Nilikutumia neno moja kwenye simu, "usikate", ukaniuliza kama nina homa. Ndiyo maana nimeandika. Vokal zangu, sauti ninazokurekodia kwenye simu, zinasikilizwa na nyumba nzima, na leo nina maneno ya aibu. Nina wivu, Yaya. Nimekonda kwa wivu.

Kazi yangu hapa maktaba unaijua. Nasafisha karatasi za zamani kwa brashi laini, nazipiga picha moja moja, kisha naandika kwenye kompyuta ni za nani na zinasema nini. Walinichukua kwa sababu nasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zile mwalimu wa chuo cha Kurani alizonitia kichwani kwa fimbo. Basi wameniletea masanduku ya ukoo mmoja. Nafungua la kwanza, naona jina la Nyangwe, mji wa jirani zetu. Ni wale wale waliotuuzia samaki, ambao Baba alisema hawana kitu ila mdomo. Hawakutupa hata kipande. Barua za posa zipo, ugomvi wa mitumbwi upo, hata orodha ya wageni wa harusi. Mkubwa wangu wa kazi anapita anasema, "Ukoo mkubwa huu," nami naitikia huku roho inaniuma.

Jumatatu nikakuta barua ya babu yake Baba. Naam, wa kwetu, wa Kasongo. Anamwandikia mzee wao kwamba samaki aliomletea wana mchanga, mke wake amewatupia bata, na yeye hasamehi. Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka. Mara ya kwanza namsikia babu yetu akisema, na anasema kutoka sanduku la watu. Nikaificha chini kabisa. Siku tatu sikuipiga picha. Nilitaka kama sisi hatuna, na wao wakose.

Siku ya nne nikaishika hirizi shingoni, ile Baba aliyonishonea nikiondoka. Unakumbuka alivyosema: "Hii iko maneno ya Mungu, mutoto wangu, usiivue." Nimeibusu uwanja wa ndege, nimeibusu mbele ya polisi wa vibali. Nikaufumua uzi. Si aya, Yaya. Imeandikwa: "huo si mchanga, ni chumvi, mwambie mkeo awaoshe kabla ya kuwapika". Hapo mkasi umepita, jibu la mzee wa Nyangwe limekatika.

Kumbe tulikuwa nazo. Baba hakujua kusoma, na kwake kila herufi ya Kiarabu ilikuwa Kurani, akatuvalisha barua za babu yake shingoni. Na mkasi uliushika wewe. Ufunguo wa sanduku alikupa wewe, mimi sikuruhusiwa hata kuligusa. Kwa hilo pia nimekuonea wivu tangu utoto, ingawa najua ulikuwa shambani na Mama wakati mimi nakaa chuoni nikijifunza kusoma.

Sasa unasema, "Iko karatasi ingine mu sanduku, nitamukatia mutoto hirizi." Nakuomba, ngoja. Ziweke mahali pakavu, zisikunjwe, nikuelekeze namna ya kuzipiga picha. Hata huyo mtoto mchanga namwonea wivu, atavaa kifuani maneno ambayo sijayasoma.

Barua ya babu nimeshaipiga picha. Kwenye nafasi ya mwandishi nimeweka jina lake lote, na mji: Kasongo. Kuhusu jibu, sijamwambia mtu yeyote hapa. Hilo ni letu.

Nisalimie Shangazi wa Kabambare, umwambie asiifungue hirizi yake kabla sijamwona. Msalimie kaka yetu mwenye pikipiki kule Wamaza, ile aliyoifunga kwenye usukani aitoe kwenye mvua. Na shemeji, mumeo, mwambie koti lake linakuja na anayekuletea barua hii.

Kama mkasi umeshapita, usinifiche. Mfumulie mtoto uzi, unionyeshe kwenye simu, nimsomee mwenyewe maneno aliyovaa. Kisha umshonee tena.

Ni mimi mdogo wako, shingo tupu,
Ramazani