Kaango la Kulia: kwa Mama Yetu, Eduviges Alfaro

Mwaka umetimia, Mami, tangu asubuhi ile ya Machi ambayo hukuamka kuwasha jiko. Mkahawa wetu bado uko palepale Lake Street, Minneapolis, na wateja wako wa zamani bado wanaingilia mlango wa nyuma kama kwao.

Ulikuwa na makaango mawili bapa. La kushoto lilikuwa la pupusa, mikate yetu ya mahindi iliyojazwa nyama ya nguruwe, kama tulivyozoea El Salvador. La kulia ulilifunga kitambaa cha buluu kwenye mpini, na nguruwe hakuligusa kamwe, kwa ajili ya majirani zetu Wasomali. Ulilisugua mwenyewe, hukumwamini mtu.

Bi Sahra, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa akija na sindano zake umtungie uzi, maana yeye haoni karibu. Mlikuwa mkitaniana.

"Nyie watu mkate mnaujaza kama mto wa kulalia," yeye husema.

"Na wewe mwenzangu unamaliza mito mitatu."

Jumapili ile ya sherehe za mtaa, foleni ilifika kwa dobi. Nikaona kaango la kulia lina nafasi, nikachoma za nguruwe sita, nikalipangusa kwa karatasi, basi. Sahani iliyofuata ilikuwa ya Bi Sahra na wajukuu zake. Baadaye ulipoyaona mafuta kwenye kaango hilo uliniuliza. Nikakujibu, "Mami, nani atajua?"

Hukunigombeza. Ulivua aproni ukaenda kwake, nami nikakufuata hadi mlangoni.

"Dada, leo mmekula kilichogusana na nguruwe. Ni mimi. Macho yangu yamechoka."

"Eduviges, miaka kumi na moja nakula kwako bila kuuliza."

"Najua."

"Basi niache kwanza."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, si mtoto. Nilisimama pale na unga mikononi, nikanyamaza.

Hawakurudi. Miezi minne ulipasha kaango la kulia kila asubuhi, ukaliepua jioni bila kuchoma kitu. Kila wiki nilijiambia nitakwenda kumweleza, kila wiki nikajitafutia shughuli. Kisha moyo wako ukasimama.

Mazishini Bi Sahra alileta chupa ya chai ya iliki. Akaniangalia sana, akasema, "Sasa nani atanitungia uzi?" Alikuwa ananipa nafasi ya kusema kweli, Mami. Nikanyamaza tena. Ninaona aibu hadi leo.

Ndiyo maana tangazo hili limebandikwa dirishani kwetu, na rasimu yake nilimpelekea Bi Sahra kwanza, kwa mkono wangu. Aliisoma akiwa amesimama. Akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi mweusi, akanipa. Nikakosa tundu mara mbili.

Wanaokukumbuka ni mumeo Tulio, wanao Wilber na Noemí, wajukuu zako Keiri na Josué, na mtaa mzima. Hatutakusahau, leo wala kesho. Macho yako yalikuwa mazima, Mami. Aliyeweka nguruwe ni mimi, Noemí.