Injini Iliyokwisha Kunywa Chai

Shemeji Mkumbo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila kukuamkia, dada Ester atanirudishia karatasi niandike upya, na mkeo unamfahamu. Afya yako siulizi. Yangu ni nzuri isipokuwa mgongo, na habari za mgongo nitazifikia.

Tangu tukuzike pale Misigiri, watu hawachoki kuniambia niache hasira. Mchungaji ameniambia, mama ameniambia, hata muuza tumbaku ambaye hakukujua ameniambia. Sijaiacha. Wanasema ulikufa kwa ajali, na nikilisikia neno hilo mkono wangu unataka koo la mtu. Ajali ni mti kuangukia nyumba. Wewe ulimwonyesha tajiri wako kijiti cha oili, ukamwambia, "Bwana, oili imekuwa maziwa. Bloku imepasuka, maji yanaingia ndani." Nilikuwa nimesimama pembeni yako. Akakujibu upakie mpunga.

Siku ile wewe uliiona kutoka kwenye usukani tu. Acha nikueleze ilivyokuwa kwangu. Tulikuwa tunaupanda mlima wa Sekenke tukitokea Shelui, mimi nyuma juu ya magunia, gogo langu mkononi kama utingo yeyote mwenye akili. Injini ikapiga kelele ya ng'ombe anayechinjwa kwa kisu butu, halafu ikanyamaza. Breki za lori lile zilikuwa zinaishi kwa pumzi ya injini, na injini ilipokufa zikafa nayo. Nikaruka. Nikasukumiza gogo nyuma ya tairi, tairi likalitafuna, kipande kikaruka kikanipasua juu ya jicho. Nikatia jingine kwa mikono. Tairi likachukua gogo pamoja na vidole vyangu viwili, likaendelea kurudi.

Ungeweza kuruka, shemeji. Mlango wako ulikuwa wazi, niliuona unapiga-piga. Lakini chini yetu walikuwa wanapanda akina mama na mizigo kichwani, nawe ukapindisha usukani ukalipeleka lori kwenye mwamba, ndani ya korongo. Nilikukuta umebanwa kifuani, damu inakutoka mdomoni, ukaniuliza, "Wamepona?" Nikakuambia wamepona. Nikavuta chuma kwa mkono uliobaki mzima mpaka nikasikia bega linaachia, na chuma hakikusogea hata kidogo. Wale mama walikuja kunitoa mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umekwisha kuondoka.

Lori wakalikokota kwa minyororo kutoka kwenye korongo. Tuliambiwa chuma kinakwenda kuyeyushwa. Nikafurahi. Nilitaka kiive mpaka kiwe uji.

Sasa habari za nyumbani. Mwaka huu karanga zimekubali Kinampanda nzima, na wenye malori ya mjini wanatunyonya kwa nauli. Baba yako akasema ukoo unaweza kununua lori letu wenyewe, lililotumika, la dizeli. Wengine walitetemeka kusikia dizeli. Ester ndiye aliyewanyamazisha. Alisimama katikati ya wanaume akasema, "Mkumbo hakuuawa na dizeli. Aliuawa na mtu aliyekuwa anajua." Kisha akatoa ng'ombe wake wote, wale uliomwachia, bila kubakiza hata wa maziwa. Nikaambiwa mimi ndiye nitakayekagua injini. Vidole vyangu ni pungufu, ila masikio ninayo yote mawili, nawe ndiye uliyeyafundisha.

Sikukurupuka. Kwanza nilikwenda kukaa Misigiri, pale madereva wanaposimama kujaza maji kabla ya kushuka mlima, nikawauliza kila mmoja: lori lako linakula oili kiasi gani, lilikwama wapi, nani alilifungua mara ya mwisho. Wengine walinitania. Mmoja aliuliza kama natafuta gari au mchumba. Nikamwambia mchumba akikwama mlimani hakuui. Wakacheka, kisha wakaniambia mengi. Wote wakanielekeza Mkiwa, pale njia panda, kwa dalali mmoja mwenye malori ya dizeli chini ya bati.

Nilikwenda na baba yako. Dalali alikuwa na lori la kijani, rangi inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Akasema lilikuwa la misheni, kwamba maisha yake yote limekwenda kanisani na kurudi. Akamwamkia baba yako kwa heshima, shikamoo mzee, shikamoo tena, akamkalisha kwenye kibanda cha dereva, akamzungusha mpaka kwenye maduka na kumrudisha. Na wewe unamjua baba yako. Mtu huyo mnadani hanunui ng'ombe aliyesimama. Atasubiri alale, amwone anavyoinuka asubuhi, kwa sababu mgonjwa hujificha akiwa amesimama, lakini kuinuka kunamuumbua. Hayo yote yalimtoka kwa safari moja ya kibandani. Alishuka anatabasamu, na kabla sijafungua hata boneti akalitemea mate ya baraka, kidogo tu, kama anavyomtemea ndama mgeni anayeingia zizini kwake.

Kitu alichokitemea mzee ni chetu, harudi nyuma, na nani wa kumwambia arudi? Dalali naye alikuwa anaijua mila hiyo vizuri. Alianza kusugua viganja.

Nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, na si moto wa safari ya madukani. Moto wa tangu asubuhi. Nikasikia sauti yako kabisa, "Usiniletee injini iliyokwisha kunywa chai." Ulikuwa unasema hivyo kila mtu alipokuletea gari limewashwa tayari, nawe unamfukuza arudi kesho, alilete likiwa baridi kama maiti. Nikamwambia dalali tutalala Mkiwa, na lori lake lilale pia. Akasema mzee amekwisha kulibariki. Nikamwambia lilale likiwa na baraka zake.

Asubuhi nilimtangulia. Bati lilikuwa bado na umande nilipoanza. Nilifungua kifuniko cha oili, na chini yake kulikuwa na utelezi mweupe kama maziwa yaliyoganda. Nikachomoa kijiti, oili nzito mno, wameichanganya na ile ya gia ili injini isipige kelele. Dalali alipofika akapiga hendeli ya kuwashia injini yeye mwenyewe, akapiga tena, mishipa ya shingo imemtoka. Ilipowaka ilikohoa moshi wa bluu ukajaa bati zima, na kwenye mdomo wa oili ikawa inanipumulia usoni kama mbwa. Nikamwashiria azime. Nilikuwa na sababu za kutosha kukataa. Ningeweza kufuta mikono na kumwambia baba yako, basi.

Lakini nilishika bomba la mafuta kuona kama limelegea.

Unazikumbuka senti zako za tundu? Mafundi wengine walikuwa wanaagiza washa, zile pete za kuzuia bolti isivuje, kutoka mjini na kusubiri mpaka gari lioze. Wewe ulikuwa unatoa senti mfukoni, unaisugua kwenye jiwe mpaka iwe laini, unaiweka chini ya bolti na kukaza. Upande wenye picha ya pembe za ndovu unauweka nje, upande wa taji la mfalme wa wazungu unaulaza ndani. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Mfalme naye aingie gizani afanye kazi kama sisi." Nilicheka mpaka nikadondosha spana kwenye oili, nawe ukanikumbusha kwamba kwa maneno hayo tu mtu anaweza kufungwa.

Chini ya bolti ya bomba lile kulikuwa na senti. Pembe za ndovu nje.

Nilifungua bolti. Sikumbuki kuiomba spana. Senti ilikuwa imesuguliwa kwenye jiwe, na taji lilikuwa ndani. Nikakwangua rangi ya kijani ubavuni mwa bloku kwa ncha ya spana, nikauona ufa wako, ule ule uliomweleza tajiri, wameusiliba na kuupaka rangi. Hawakuyeyusha kitu. Walikutoa wewe humo wakaosha damu, wakaivalisha injini gari jingine, na sasa walikuwa wanataka kutuuzia tena kwa ng'ombe wa mjane wako.

Nilimfuata dalali na hendeli. Nakuambia ukweli, nilikusudia kichwa. Aliinua mkono, mkono ukavunjika kwa sauti ya kijiti kikavu, akaanguka. Akasema yeye ni dalali tu, amenunua kwa mtu, chuma ni chuma. Nikainua tena. Aliyenishika ni baba yako, na sikujua kama mzee yule bado ana nguvu za namna ile. Aliniuliza kuna nini. Nikamwekea senti kiganjani, nikaigeuza.

Aliitambua. Zile ulizokuwa unasugua jioni ulikuwa unazisugua kwenye jiwe lake la kunolea, na alikuwa anakugombeza kwa hilo.

Hakulia, shemeji. Alikwenda mbele ya lori, akachukua pembe ya shuka lake, akapangusa boneti pale pale alipotema. Alipangusa polepole, mpaka pembeni, kama anampangusa mtoto. Mila ya kurudisha baraka sijawahi kuisikia. Nafikiri aliitunga pale pale. Kisha akaokota nyundo kubwa ya dalali, akanikabidhi, akasema, "Vunja."

Nilivunja. Nilianza na pampu ya dizeli, mafuta yakanirukia machoni. Nikavunja nozeli moja moja, nikavunja mirija, nikapiga ufa wako mpaka bloku ikafunguka na maziwa yake yakamwagika ardhini. Watu wa dalali walikuja na marungu. Wakanipiga mgongoni, wakanipiga kichwani, nami nikaendelea kuipiga injini kwa sababu wao sikuwa na shida nao. Baba yako alisimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia, na aliyemkaribia aliondoka na meno pungufu. Walipotulaza chini hatimaye, kilichokuwa kimebaki pale kisingeweza kuwaka hata kwa maombi.

Hakimu wa baraza aliniuliza kama najuta. Nikasema kwa mkono wa dalali najuta kidogo, kwa injini hapana. Baba yako akasimama akadai ni yeye aliyevunja, mimi nilimshikia nyundo tu. Hakuna aliyemwamini, ingawa wengi walitaka. Nikahukumiwa viboko. Ndiyo habari ya mgongo. Nilipokuwa nimelala pale nakufikiria wewe na kile chuma kifuani, viboko vikawa kama vinampiga mtu wa jirani. Hapana, nadanganya. Viliuma sana, na nililia, na nusu ya kilio ilikuwa yako.

Ester alinipaka samli mgongoni. Alipomaliza akaniuliza kama ng'ombe wake bado wapo. Nikamwambia wote wapo. Ndipo akakaa chini akakulilia, kilio ambacho siku ya mazishi hakikumtoka. Alilia kwa hasira, anapiga ardhi kwa ngumi, nami sikumwambia aache.

Lori tumepata. Ni la mzee mmoja wa Singida mjini ambaye macho yamemshinda. Nilimwomba lilale, naye akacheka akasema lilikuwa limelala tangu Jumapili. Oili nyeusi safi. Kijiti hakina maziwa. Liliwaka kwa hendeli ya kwanza, moshi mweupe kidogo, kisha ukakatika. Kwenye mdomo wa oili niliweka jani, likatulia tu, hakuna pumzi iliyolipeperusha. Bolti moja ya bomba la mafuta ilikuwa inavuja, nami nimeifunga kwa senti yako ile ile. Taji nimelilaza ndani.

Baba yako amekataa kulitemea. Anasema mate yake hayatoki tena mapema. Kesho tunashuka Shelui kuchukua mpunga, mimi kwenye usukani, baba yako na Ester kibandani, na kijana wa shangazi nyuma na magogo ya mninga. Ester amesema lazima awepo. Amekaa na mimi hapa ninapoandika, na anasema nikuambie ng'ombe wa maziwa amebaki nyumbani, alimrudisha zizini kwa mikono yake.

Basi, shemeji, kwa heri. Nimekuaga vibaya mara moja, nikiwa navuta chuma, kwa hiyo naomba hii ndiyo ihesabike. Ahadi yangu ni hii. Kesho tukirudi na mzigo, tukifika juu ya lile korongo, nitatia magogo nyuma ya tairi zote na kuzima injini. Tutakaa hapo, wote wanne, mpaka boneti iwe baridi mkononi mwa baba yako. Chai hatutaipa. Kisha nitaiwasha.

Usihangaike kuitikia salamu yangu. Sikiliza tu inavyoinuka.

Mimi shemeji yako,
Msengi